Lenzi Isiyovuta

Niliichukia ile lenzi tangu nilipoitia mkononi. Ilikuwa ndogo kama kikombe cha kahawa, nzito kuliko umbo lake, na ilinuka kabati la watu nisiowajua. Mwenye kuiuza alikuwa na meza yake Tandika, kati ya wauza viatu vya mtumba na mafundi wa redio, na aliniwekea kiganjani kwa majivuno kana kwamba ameifua mwenyewe.

"Cheki kioo hicho, sista," akasema. "Mali ya Mjapani hiyo. Siyo takataka za Dubai."

"Inavuta?"

"Haivuti. Ila cheki kioo."

"Sasa kama haivuti nitaifanyia nini?"

"Utasogea. Si una miguu?"

Nilitaka kumtandika nayo utosini. Badala yake nikaielekeza juani, nikatazama ndani, nikaona vumbi na mkwaruzo mmoja pembeni, nikamuuliza kama hana ya kuvuta. Akacheka. Lenzi za kuvuta, alisema, hazilali mezani. Vijana wa maharusi wanazigombania, kwa sababu mteja akiona lenzi inarefuka na kufupika anajua kapata mpiga picha wa kweli. Zisizovuta ndizo zinazobaki. Alikuwa nazo tatu, zimetupwa kwenye boksi pamoja na pasi mbovu, na alikuwa tayari kuniachia zote kwa bei ya kutupa.

"Hizi ni ndugu, sista. Fupi, ya kati, ndefu. Ukichukua moja wenzie watalia."

Nikazichukua zote nikiwa nimenuna, wala sikumuaga. Kama ningekuwa na njia nyingine nisingekanyaga pale. Lakini miaka ile kila kitu kilikuwa kimejaa sokoni na mimi sikuwa na uwezo wa kukigusa. Zamani tulikosa sabuni kwa sababu haikuwapo. Sasa ilikuwapo ya kila rangi, na tuliikosa vilevile.

Nilikuwa mpiga picha wa wanawake, pale Mwananyamala. Kazi nilijifunzia kwenye chumba cha giza cha shirika moja la umma, na shirika lilipofungwa tukaambiwa asanteni, nikaondoka na ujuzi na harufu ya dawa vidoleni. Kamera yangu, ya mkanda wa milimita thelathini na tano, ilikuwa imetoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuja na lenzi ndefu ya kuvuta, na hiyo ndiyo iliyonilisha. Kamera bila lenzi ile isingenifaa kitu, na sababu yake ni milango ya watu wa pale.

Mwanamke wa nyumba zile akikaribia kuolewa huwekwa ndani. Anasingwa, yaani anasuguliwa mwili kwa liwa na manukato, anapakwa hina, anakalishwa mkekani, na kungwi anamfunda mambo ya ndoa mbele ya wanawake wenzake. Mwanaume haingii. Hilo linaeleweka. Lakini hata mwanamke haingii kama hajachezwa, yaani kama yeye mwenyewe hakuwahi kukalishwa mkekani akafundwa. Huyo anakaa uani na masufuria. Akiwa na shughuli maalumu anaruhusiwa kusimama mlangoni, pazia likishikiliwa, miguu ikiwa nje ya kizingiti.

Mimi sikuwa nimechezwa. Nilikuwa mtu wa bara, mtoto wa mwinjilisti kule Singida, na nyumbani kwetu mambo hayo yaliitwa ushenzi kabla ya kula na baada ya kula. Sikuomba kuchezwa na hakuna aliyenialika. Nilisimama kizingitini na lenzi yangu. Nikiizungusha pete yake, mwali aliyekuwa kule ukutani alinijia mpaka nahesabu kope. Niliwavuta wote hivyo, wakicheka, wakipiga makofi, wakipakana liwa, nikiona wamenisahau kabisa. Sitaficha, nilijiona mjanja sana. Nilijiambia kwamba wao wananizuia mguu, mimi nawachukulia nyuso.

Waliniamini kwa jambo moja tu. Mikanda yangu niliisafisha mwenyewe, chumbani kwangu, dirisha nimeliziba kwa blanketi. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini hakuna macho ya mwanaume yaliyopita juu yake. Kwa hilo nilipata kazi Mwananyamala nzima, Kinondoni, hata Msasani kwa wenyeji wa zamani.

Halafu likavuja bati la mama mwenye nyumba.

Nilipanga chumba kwake, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimwambia kwamba juu ya kitanda changu kuna tundu. Masika yalipoingia maji yakapita kwenye tundu lile, yakajaza sanduku la kamera nikiwa kazini na kamera yenyewe begani, lakini lenzi ndefu nilikuwa nimeiacha, kwa kuwa siku ile nilikuwa napiga picha za pasipoti kwa lenzi ya kuazima. Niliirudia inaelea. Nikaianika, nikaifuta, nikaiombea. Haikupita muda kuvu likaota ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na pete ikakaza kabisa.

Nilipomwonyesha, mama mwenye nyumba alikuwa akichambua mchele. Hakuacha.

"Mvua ya Mungu hiyo, mwanangu. Nikuzuilie mie?"

"Mama, bati lako ndilo lililovuja."

"Bati la nani halivuji masika?"

La kwake halikuvuja. Alikuwa ameezeka upya upande wake mwaka uleule. Nilirudi chumbani nikafunga mlango kwa nguvu, na nikamsikia akiniambia kupitia ukuta kwamba nikiung'oa nitaununua.

Baada ya hapo ndipo akaniletea habari ya harusi. Binti yake wa mwisho alikuwa ameposwa na angeolewa mfungo mosi. Singo, shughuli yenyewe ya kumsinga, ingekuwa palepale nyumbani, na kungwi angekuwa yule bibi wa Mwananyamala aliyewafunda wanawake wa mitaa yote ile.

"Utapiga weye, eti?" akaniuliza, na kabla sijajibu akaendelea. "Kama huwezi sema mapema. Mtoto wa kaka yangu kaletewa kamera, ya rangi hiyo, anabonyeza tu. Na yeye kachezwa, anaingia mpaka ndani."

Hapo nikaelewa kitanzi kiko wapi. Shoga za kungwi walikuwa ni haohao kila nyumba, na kungwi akizoea kamera fulani, mitaa yote inaizoea. Yule binti wa kaka yake akipiga singo ile, mimi sina mlango tena wa kusimama. Maharusi ya ukumbini yalikuwa yameshachukuliwa na vijana wenye video. Picha za pasipoti zilikuwa zimeshachukuliwa na vibanda. Vyumba vya wanawake ndivyo vilivyokuwa vimebaki, na nilikuwa nakaribia kuvipoteza kwa sababu ya bati la mtu. Nikamwambia nitapiga. Kesho yake nikaenda Tandika.

Zile lenzi tatu nilizijaribu uani jioni ileile, na nizieleze nilivyoziona, maana hasira yangu haikuwa ya bure.

Ile fupi, ya milimita ishirini na nane, ilikuwa na ulafi. Nikisimama mwisho wa ukumbi ilimeza kila kitu, milango yote, ndoo, jogoo, dari yenye masizi, mpaka ncha za viatu vyangu. Watu wa pembeni walilala kama walevi. Nikimsogelea mtu pua yake inavimba. Nilimtazama mpangaji mwenzangu kupitia kioo kile, mama mpole wa Mtwara aliyekuwa akikaanga samaki, na nikaona kiumbe mwenye taya la ng'ombe. Mwanamke aliyekaa siku kadhaa akisingwa ili apendeze, ukimletea picha ya namna hiyo, atakuchuna ngozi.

Ile ndefu, ya mia thelathini na tano, niliipenda kwa kuitazama. Ilikuwa na heshima. Ukiibeba hata watoto wanajipanga. Lakini pete yake ilikuwa ngumu kama kifuniko cha mtungi, na ndani tayari kulikuwa na kuvu la nchi nyingine. Nikaenda nayo kwenye mlango wa chumba kitakachotumika, nikaielekeza pale mkeka utakapotandikwa, nikamwomba yule mama wa Mtwara akae. Nikapata sikio. Nikisogea kidogo kushoto napata shavu na nusu ya mdomo. Wanawake wa pale wanataka picha mpaka unyayo, kwa sababu hina iko miguuni, na mimi ningewaletea masikio.

Ikabaki ile ya kati, ya hamsini, iliyonitia hasira Tandika. Niliifunga nikamtazama mama mwenye nyumba akiwa kizani ukumbini, nikaona kila mkunjo wa uso wake, kila punje ya mchele kwenye ungo, mwanga mtupu, kama vile kuna dirisha lililofunguliwa. Hapo nikakasirika zaidi, kwa sababu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ile niliyoililia. Nilifanya kazi miaka yote kwa kioo kilichokuwa na ukungu na sikujua.

Lakini kutoka kizingitini ilinipa migongo. Migongo ya watakaokaa karibu na mlango, na kule katikati yao mwali, mdogo kama kuku. Ilitaka niingie. Hatua chache tu. Yule mwizi wa Tandika alikuwa amesema kweli, na ukweli wake haukuwa na faida kwangu, kwa sababu miguu nilikuwa nayo ila haikuwa na ruhusa.

Ungeweza kusema nimwendee kungwi nimwombe. Sikwenda. Nilimjua. Angeniuliza, "Umechezwa?" na mimi ningejibu hapana, na yeye angeniambia mlango unanitosha. Na kuomba kuchezwa, mwanamke mzima, mtoto wa mwinjilisti, nivuliwe na kuimbiwa na watu walioniita wa kuja nyuma ya mgongo wangu, nilisema bora nikauze maandazi. Niliamua kupiga vipande kwa ile ndefu, uso hapa, mkono pale, miguu kwingine, na mwenye kulalamika alalamike.

Siku ya singo nyumba ilijaa tangu mchana. Udi ulifukizwa mpaka macho yakawasha. Nilisimama kizingitini kwangu, pazia likiwa limeshikiliwa na shangazi mmoja aliyenikanyaga mara kwa mara bila kuniomba radhi. Ndani, ukutani, alikaa mwali amejifunga kanga, mabega yanang'aa, uso ameuinamisha. Kando yake alikaa yule binti wa kaka, kamera yake ndogo ikiwa mapajani, akinitazama kama mtu anayetazama basi la mwisho likiondoka bila mwenzie. Sikumpenda hata kidogo.

Nilianza na ile ndefu. Sikio. Kiwiko. Kidole cha mtu mwingine. Vigelegele vilikuwa vinapigwa, wanawake wanacheka, wanampaka mwali liwa mikononi, na mimi nachungulia kwenye bomba nikiona bega la jirani. Kila nilipoukaza mkono pete inakataa, na nilipokuwa tayari jambo limepita. Yule binti akabonyeza, mwanga ukawaka. Akabonyeza tena. Mama mwenye nyumba akanikata jicho kutoka ndani, na nikajua anahesabu yule kapiga ngapi na mimi ngapi.

Nikaing'oa ile ndefu. Nikaitia hamsini.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana mpaka leo wapo wanaosema nilifanya makusudi. Jicho langu lilikuwa kwenye tundu la kamera. Kungwi alikuwa amemwinua mwali kidevu, na uso wa mwali ukapata mwanga wa dirisha la juu, na nikautaka. Mkono wangu ukafanya ulichozoea kwa miaka yote ile. Ukaizungusha pete ili umlete karibu. Lenzi haikumleta. Ikamtia ukungu tu. Nikazungusha tena, na mkono uliposhindwa mwili ukaenda wenyewe. Sikuhisi kizingiti. Nilihisi mtu amesogeza goti, nikapita, nikahisi mkeka chini ya soli, na ndani ya tundu mwali akawa anakuja, anakuja, safi, mpaka akajaa pale nilipomtaka pamoja na miguu yake, nami nikabonyeza.

Nilipoondoa kamera usoni ngoma ilikuwa imenyamaza.

"Unakanyaga wapi, mwanangu?" kungwi akauliza. Hakupaza sauti.

Nikatazama chini. Nilikuwa katikati ya mkeka na viatu vyangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Umechezwa?"

"Sijachezwa."

"Mtoe!" mama mwenye nyumba akapiga kelele. "Mtoeni huyo, ataniharibia mwali wangu! Nilisema mie, watu wa bara hawaingii. Nilisemaga!"

Nikamgeukia. Maneno ya bati yalikuwa yamenijaa mdomoni, na niseme wazi, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Lakini kungwi aliinua mkono kabla sijafungua mdomo.

"Kuna mambo mawili," akasema. "Utoke, na huo mkanda tuufungue juani uungue, maana umeupigia usipopaswa kuwa. Na usirudi mlango wowote ninaofundia mie. Au ukae. Ukikaa unakaa kama tulivyokaa sie. Hakuna kukaa nusu."

Yule binti wa kaka alishusha macho kuficha furaha. Nadhani ni ile furaha iliyoniamulia. Nilimfikiria baba yangu na Biblia yake, nikafikiria vibanda vya pasipoti, nikafikiria yule binti akizunguka Kinondoni na kale kamera kake ka kubonyeza. Nikavua viatu. Nikaivua kamera shingoni nikamkabidhi kungwi, naye akaiweka nyuma yake bila kuitazama. Nikakaa mkekani, ubavuni kwa mwali, nikiwa nimekunja uso hivyohivyo.

"Fungeni mlango," kungwi akasema.

Pazia likashushwa, mlango ukafungwa, komeo likaingia. Na wanawake wote, kwa pamoja, wakaacha kutabasamu.

Sijui nilieleze vipi. Hawakunikasirikia. Walitulia tu, kama watu wanaovua viatu vya kubana baada ya wageni kuondoka. Aliyekuwa akicheka sana alijinyoosha akaegemea ukuta. Wengine walihama, waliokaa mbele wakaenda nyuma, na wazee waliokuwa wamejificha kwenye kona wakaja kukaa mbele ya mwali. Ngoma ilipoanza tena ilikuwa ya chini, polepole. Nyimbo za mchana, zile nilizozisikia mlango kwa mlango mpaka nikazihifadhi kichwani, hakuna hata moja iliyorudiwa.

Nilichofundwa mle sitakiandika, na si kwa sababu ya kumwogopa mtu. Nitasema tu kwamba nilikaa nikiwa na hasira na nikaondoka nikiwa nayo, na katikati kulikuwa na mambo ambayo mama yangu angepaswa kuniambia na hakuniambia.

Walipomaliza, mlango ulipofunguliwa na jua likiwa limeshuka, kungwi alinirudishia kamera. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anagawa pilau na hakunitazama. Mkanda haukufunguliwa. Kungwi akaniambia kwamba kuanzia siku ile ninaingia nyumba yoyote, na kwamba picha ni zile za kabla ya komeo kuingia. Baada ya hapo kamera inakaa nyuma yake.

"Kwa hiyo zile za mlangoni," nikamwambia. "Zile zote."

"Zile za mlangoni tulikuwa tunakuchezea weye. Ukishaondoka ndiyo tunaanza."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja, mwanangu. Mtu kasimama mlangoni na limdude lile refu, ulidhani hatukuoni?"

Nilitaka nimtajie hata moja, moja tu niliyoichukua kwa ujanja wangu, na nilikuwa nayo. Kulikuwa na mwali wa Kinondoni, miaka miwili nyuma, niliyemvuta kutoka kizingitini akiwa amegeuza uso ukutani, chozi limesimama shavuni, hakuna mwenzie aliyemwona. Picha ile niliitundika juu ya kitanda changu. Wanawake wapiga picha wa mjini walipoiona waliuliza nimeipataje. Nikamtajia kungwi.

Akafikiri kidogo, akakumbuka.

"Yule?" akasema, huku anatafuta kanga yake ya pili ajitande aende zake. "Nilimwambia alie mie. Nikamwambia, lia kidogo, mwanangu, yule wa mlangoni apate picha yake aondoke."